Mlango wa Mbele wa MaZondi

"Mbona hamuingii?"

Nilimuuliza MaZondi swali hilo nikiwa darasa la pili. Mvua ilikuwa inaanza kudondoka, naye amesimama chini ya ngazi za nyumba kubwa ya shamba, mkononi ana tawi la mti wa miiba. Hakunijibu. Mama yangu ndiye aliyenivuta sikio.

"Nyamaza wewe! Huoni amebeba mtu?"

Nilitazama tena, nikaona tawi tu.

Aliyebebwa alikuwa mumewe, Mfanufikile Mkhize, dereva wa trekta. Alifia hospitalini mjini, na kaka yake Zwelakhe akaenda kuichukua roho yake kwa tawi la mphafa, huo mti wa miiba, akamleta mpaka kibanda chao kwenye kambi ya wafanyakazi. Mwaka ule mvua za Januari zikakiangusha kibanda, ikabidi Mkhize ahamishwe tena. Anayebeba tawi haongei na mtu aliye hai. Huongea na aliyembeba tu, na kila hatua humwambia: tunavuka, tunapanda, tunashuka. Marehemu asipoambiwa, hubaki pale pale alipoachwa.

Wenye shamba wa zamani walikuwa wameshaondoka, shamba likawa la sisi wafanyakazi. Kwenye mkutano hakuna aliyebisha MaZondi alipopewa ile nyumba. Yeye, watoto wake na mamamkwe wake, Bibi MaNgidi, walikuwa wanalala kwenye banda la maziwa, juu ya saruji yenye unyevu, na bibi alikuwa anakohoa mpaka anajikunja kama mtoto tumboni.

Wanawake wa kambi walikwenda kuisafisha. Walifukuza nyuki darini kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, wakakwangua kinyesi cha popo ukutani.

"Wee Thembelihle, unasugua sakafu au unaipapasa?"

"Naipapasa, shoga! Miaka yote nimeisugua ya watu, leo ni yetu."

"Ni ya MaZondi, wewe mgeni tu. Na viatu vyako uvue!"

MaZondi hakucheka. Alisugua bafu lile lile alilolisugua tangu usichana wake, halafu akakimbia bandani kumgeuza bibi.

Bibi hakutaka kuhama.

"Mwanangu yuko nje, mimi nikalale kitandani? Aingie yeye kwanza."

"Mama, utakufa humu."

"Basi nife. Nitamkuta huko huko."

Shida ilikuwa mlango. Zamani, mtoto wa mwenye shamba aliumwa na nyoka kwenye mahindi. Mkhize akambeba mbio, akapanda ngazi za mbele, mguu wake mmoja ukawa umeshavuka kizingiti. Mwenye nyumba akamrudisha. Azunguke jikoni, na mtoto mikononi. Akazunguka. Mtoto alipona, lakini Mkhize hakuukanyaga tena hata huo mlango wa jikoni. Kuni alizitupia uani, mkewe alimwita kwa kupiga mluzi kutoka kwenye ua. Alisema mbele ya watu wote: siku nikiingia nyumba ile, nitaingia kwa mbele, au siingii.

Na mlango wa mbele ulikuwa haufunguki. Baba yangu alileta mtaimbo, akautazama mlango juu mpaka chini, akauweka mtaimbo kando.

"Boriti imelala juu ya mlango. Nikiung'oa, baraza lote linatushukia kichwani. Anahitajika fundi."

"Si apitie dirishani?" akasema mmoja.

"Mkhize? Kwani mwizi?"

Fundi wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Zwelakhe, ambaye ndiye mwenye haki ya kubeba tawi, alikuwa Johannesburg, anasema kesho, kesho. Asubuhi moja bibi akatema damu. MaZondi akakata tawi mwenyewe.

Tulimfuata nyuma kimya, baba akimsukuma bibi kwenye toroli, amefunikwa blanketi. "Khabazela," MaZondi alikuwa akimwita mumewe kwa jina la ukoo, "tunatoka kambini. Tunavuka mfereji. Tunapita trekta lako, ulione." Alipofika kwenye ngazi akapanda, akausukuma mlango kwa bega, kwa kiuno, akaupiga teke. Haukutikisika. Akashuka, akasimama. Hakuweza kumuuliza yeyote afanyeje. Alitutazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliinamisha macho. Bibi akakohoa. Mvua ikaanza. Hapo ndipo nilipouliza lile swali langu.

Alipanda tena, akainamia tawi na kunong'ona. Halafu akashuka, akazunguka nyumba kwenda jikoni. Nilimfuata mpaka kwenye kona. Njia yote kutoka kambini alikuwa akisema kila hatua, lakini kuzunguka nyumba na kuingia jikoni hakusema kitu.

Ndani bibi aliuliza, "Amefika?"

MaZondi akaitikia kwa kichwa, halafu akakumbuka macho ya bibi hayaoni vizuri. "Amefika, Mama."

Bibi akalazwa kwenye kitanda cha wenye nyumba, akala phutu, ule ugali mkavu wa chengachenga, na maziwa mgando, akaishi mpaka mipichi ikachanua. Alikufa akiwa na amani usoni, kila mtu alisema hivyo.

Sasa niko kidato cha nne. Kila Ijumaa namwona MaZondi akizing'arisha zile ngazi ambazo hazipandwi na mtu. Ameweka benchi barazani, na haliondolewi. Fundi amekuja mara mbili na jeki ya kuinulia boriti, na mara zote mbili MaZondi amemfukuza. Juzi nilikwenda kumsaidia kumenya maboga, nikamkumbusha lile swali langu. Alimaliza kwanza boga lililokuwa mkononi.

"Mimi niliingia," akasema. "Yeye nilimwambia ashuke pale barazani, anisubiri, nimlaze mama yake kwanza, halafu nitamfungulia. Nikifungua mlango ule nikakuta hayupo, mwanangu, nitaishi na nani humu?"