Maksai wa Mfuko wa Saruji

Sina hakika kama jambo hili linafaa kuandikwa. Elimu yangu ni darasa la saba, na daftari hili kwa kawaida naliandikia vitu vidogo: mvua imenyesha, umeme umekatika, fulani kajifungua. Ila habari ya kukunja ng'ombe kwa karatasi nisipoiandika sasa nitaanza kuipamba, na sitaki.

Nina kibanda cha steshenari hapa Bariadi mjini. Natoa fotokopi, nauza madaftari na bahasha. Siku moja mwalimu wa shule ya msingi aliniletea kitabu cha kukunja karatasi, ile kazi ya Wajapani: kipande kimoja cha mraba kinakunjwa mpaka kinakuwa mnyama, bila mkasi, bila gundi. Maneno ya kitabu sikuyaelewa, ila kulikuwa na michoro na mishale. Ukurasa wa ng'ombe ulitoka mara mbili, maana mashine yangu ina tabia hiyo. Nikamwomba mwalimu nibaki na ule wa ziada.

"Chukua, mama," akasema. "Lakini huyo kanishinda hata mimi. Watoto nitawafundisha chura."

Lazima niseme kwa nini nilimtaka ng'ombe. Majuma machache nyuma nilikwenda Ngulyati kwa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki na kaya ya baba yetu na mifugo. Ngulyati si mbali, na ndiyo maana naona aibu: nilikuwa sijakanyaga pale tangu pamba inapandwa mpaka imevunwa. Zizini palikuwa na maksai mmoja wa rangi ya udongo mwekundu, pembe moja imesimama, nyingine imelala kuelekea shavuni. Alikuwa amenigeukia, ananitazama huku anatafuna. Nikauliza, kwa kutaka mazungumzo tu, "Huyu ulimnunua mnada gani?"

Mdogo wangu akasema, "Dada, huyu hajanunuliwa. Kazaliwa hapa hapa. Mama yake umekunywa maziwa yake mpaka ukaolewa." Kisha akacheka, akaita kwa sauti, "Jamani, mleteeni mgeni kiti!"

Na kiti cha plastiki kikaletwa kweli, kile cha wageni, wakati wenzangu wote wamekaa kwenye vigoda. Alikuwa anatania. Nusu alikuwa anatania. Nilikikalia kiti kile hadi naondoka, na nilipofika mjini nikawa bado nakiona. Kwetu mtu asiyewajua ng'ombe wa kwao ni mpita njia, hata kama kitovu chake kimezikwa pale.

Basi ukurasa ule ulipotoka mara mbili nikapata wazo. Nitamkunja yule maksai, nimpelekee mdogo wangu bila kusema neno. Akimtambua, basi mimi bado ni mtu wa kaya ile.

Nilianza na karatasi ya rimu, kwa sababu ndiyo ninayo. Mwanzo ilikwenda vizuri, inashika mkunjo, inatii. Lakini ilipofika kwenye pembe, ambapo karatasi inarudiwa juu ya karatasi mara nyingi, ikawa nene kama furushi la khanga, kisha ikapasuka kwenye kona. Nikajaribu karatasi ya kufungia zawadi. Hiyo ni nyembamba, haipasuki ovyo, lakini haina kumbukumbu: unakunja, unageuka kumpa mteja kalamu, ukirudi imejifungua yenyewe. Tena ilikuwa na maua. Mteja mmoja akaniambia, "Mama steshenari, huyo ng'ombe anakwenda kwenye harusi?" Bahasha ya kaki ilikuwa nzuri kuliko zote, rangi na uimara, ila ukiifungua ina mshono wa gundi katikati, na mshono ule ulitokea usoni mwa ng'ombe kila nilipojaribu kuukwepa.

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba karatasi zina tabia. Nimeziuza miaka yote kwa kuhesabu. Sasa nikawa nazipapasa, nazikunja kona nisikilize zinavyolia, na wateja wakawa wanasubiri.

Aliyenisaidia ni fundi mwashi anayejenga nyumba ya jirani. Alinikuta naokota mifuko mitupu ya saruji karibu na rundo lake la mchanga.

"Dada, unajenga nini?"

"Ng'ombe."

"Wa tofali ngapi?" Akacheka, lakini akanionyesha kwamba mfuko una matabaka, na karatasi ya ndani kabisa ndiyo chafu, ya juu ina maandishi, ya katikati ni safi. Kama mfuko wako una tabaka la katikati. Mingine haina, nami sitaki kumdanganya mtu.

Niliichambua ile karatasi, nikaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, nikaifikicha kama mtu anayelainisha ngozi. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, si nyekundu kama maksai, lakini ya karibu. Na ilikunjika! Mahali ilipokuwa na unyevu ilikubali kupindwa kama inavyotaka mkono wangu, na ilipokauka ikabaki vile vile. Sijui ni vumbi la saruji lililobaki au ndiyo asili ya karatasi yenyewe. Nilikuwa nafanya kazi hiyo mchana umeme ukikatika, mashine imelala, hakuna wa kunidai fotokopi.

Nilipommaliza wa kwanza nikamweka kaunta. Kila aliyeingia alimtazama akasema maneno yale yale kwa namna yake, lakini mzee mmoja muuza choroko ndiye aliyesema vizuri: "Huyu kaugua? Nundu yake iko wapi?"

Kweli. Ng'ombe wa kitabu hana nundu. Mgongo wake umenyooka kama benchi. Nami nilikuwa nimefuata mishale tangu mwanzo mpaka mwisho bila kuona kwamba namkunja ng'ombe wa watu wengine. Mshale wa kuniongoza hapo haukuwepo. Nikakaa siku kadhaa nawaza nundu itatoka wapi kama karatasi yote imeshatumika. Mwishowe nilikumbuka marinda ya sketi ya shule: kitambaa kinafichwa ndani ya kitambaa. Nikaanza upya, nikaacha rinda moja mgongoni, nikalisukuma kutoka chini kwa kifuniko cha kalamu. Ikainuka nundu. Ilikuwa imeegemea upande kidogo, lakini nundu za kweli nazo huegemea.

Pembe nilizifanya mwisho. Nilimshika maksai kichwa chake kikielekea mlangoni, mgongo wake kwangu, nikafumba macho nimkumbuke yule wa zizini. Pembe iliyolala ilikuwa upande wangu wa kulia. Hilo nililiona wazi kabisa. Nikalowesha ncha ya kidole, nikailaza ya kulia.

Nilimbeba kwenye hotipoti, nimemzungushia kitambaa, kwa kuogopa mitikisiko ya bodaboda. Nilipofika Ngulyati wifi yangu aliipokea kwa mikono miwili, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, wifi! Umetuletea pilau?"

"Mhola. Fungua tu."

Akafunua. "Yesu wangu! Wifi kaleta ng'ombe hajaiva!"

Mdogo wangu akaja na mikono yenye udongo. Sikusema kitu. Kiti cha plastiki kilikuwa kimeshatolewa, nami nilisimama kando yake, sikukaa. Alimchukua maksai akamweka kwenye kiganja, kichwa mbele, kama mtu anayemswaga. Akagusa nundu. "Hii umeiweza," akasema. Akainama karibu na pembe.

"Huyu mama yake," akasema polepole. "Yule maksai wa pembe, huyu mama yake kabisa. Njoo uone," akamwita mkewe, "dada anamkumbuka yule ng'ombe! Mimi nilidhani kasahau hadi maziwa yake."

Alifurahi kiasi kwamba nilitaka kunyamaza. Naandika hili kwa sababu ni kweli: kwa muda wa kumeza mate mara moja au mbili, nilinyamaza. Kisha nikasema, "Mimi nilimkunja maksai. Huyo mama sikumfikiria."

"Maksai pembe yake imelala kushoto. Mama yake ilikuwa kulia."

"Mimi nilimwona kulia."

Akanitazama, akamtazama wa karatasi, akaanza kucheka. "Ulimwona akikutazama. Sisi tunawachunga kwa nyuma, dada. Kulia kwetu na kwao ni kumoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimkumbuka akinielekea, nikamkunja akinipa mgongo, na upande wangu sikuugeuza. Nikanyoosha mkono, nikasema anipe, nitalowesha pembe, niibadilishe, ni kazi ya dakika moja.

Akamrudisha kifuani kwake. "Usimguse. Maksai ninaye zizini. Huyu sina."

Kwa hiyo sijui niseme nilishinda au nilishindwa. Maksai sikumpata. Ng'ombe aliyetambuliwa si mimi niliyemkumbuka, ni kosa langu ndilo lililomkumbuka, na sifa ile si haki yangu. Nilimwambia hivyo. Akasema maneno hayo ya darasani ananiachia mwenyewe, akanipa fimbo.

"Wanakwenda lamboni kunywa. Njoo umwone kwa nyuma."

Nikavua viatu vya mjini, nikaazima kandambili za wifi. Tuliwafuata katika vumbi, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, na mbele yangu yule maksai akitikisa kichwa, pembe yake imelala kushoto, kwake na kwangu.

"Na yule mweusi mwenye doa?" nikauliza.

"Yule ulimwacha ndama."

"Na yule anayechechemea?"

Akaanza kunieleza.