Manju Aliyezibwa Pua Msimu wa Pamba

Nakumbuka msimu mmoja wa pamba, hapa kwetu Kasoli, pua yangu ilipofunga kabisa. Mwanangu, usicheke. Nilikuwa manju, kiongozi wa nyimbo wa kikundi chetu cha ngoma, na nikipaza sauti huku, samaki wa Nassa, kule ziwani, walikuwa wakichungulia kutoka majini. Mashindano yalikuwa Jumamosi, nami nikiimba natoa mlio wa ndama aliyekwama matopeni.

Wenzangu hawakuwa na shaka: wapinzani wetu wa Kiloleli wamenitupia dawa. Ngoma zetu na dawa ni ndugu, nami nikaamini. Mmoja akaleta ugoro nivute, nipige chafya uchawi utoke. Mwingine mizizi ya kujifukiza. Mwenyewe nilishanunua matone ya puani duka la dawa Bariadi. Yanafungua kidogo, pua ikirudi kuziba inaziba kwa hasira, nami naongeza. Nikavichanganya vyote. Kichwa kizito, paji la uso linagonga, sijui kipi kinanitibu na kipi kinanimaliza.

Shangazi yangu Minza alipokuja kunijulia hali alinikuta juu ya rundo la pamba. Mavuno tuliyaweka chumbani tukisubiri mnunuzi, na hakuna godoro duniani linaloishinda pamba.

"Masanja, umerogwa na nani?"

"Na wa Kiloleli, shangazi."

"Ndio waliokulaza kwenye vumbi hili? Na dawa zote hizo, ukipona utaishukuru ipi? Inuka twende zahanati!"

Tabibu alinichungulia puani, akauliza maswali mengi. Akasema vumbi limeivimbisha pua kwa ndani. Ugoro unaichubua, na yale matone yakizidi siku chache yenyewe ndiyo yanayoiziba. Niache vyote, nihame chumba, nisafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akanipa na dawa ya kupuliza puani, isiyo na haraka ya kuponya.

"Jumamosi nitaimba?"

"Jumamosi utasikiliza."

Nikasikiliza. Manju wa Kiloleli akaingia uwanjani, akafungua kinywa, na sauti ikatokea puani kama yangu! Watu wake wote wakageuka kunikodolea macho. Nikachanganyikiwa upya: mimi nisiyesikia hata harufu ya kitunguu, eti nimemroga? Nikamfuata.

"Ndugu yangu, pamba yenu mmeweka wapi?"

"Ndani. Nalala juu yake."

Basi mwanangu, pua ikiziba usitafute mchawi. Tazama unapolala na unachovuta. Shika tiba ya aliyekupima, uipe muda, usirundike nyingine juu yake. Ikiziba upande mmoja tu, ikitoka damu, ukipata homa au jicho likivimba, kimbilia hospitali. Wapo wanaohitaji hata upasuaji, na si aibu.

Mungu akufungulie njia ya pumzi, ulale usikorome, na anayelala karibu nawe aamke akikuombea dua.