Kutu ya Punda

Mimi nikiingia mahali pa sanaa, kunitoa ni kazi. Jumamosi wenzangu wakienda kula nyama, mimi hupanda ngazi za jumba dogo la sanaa lililo juu ya duka la viatu hapa Nakuru, nikasimama mbele ya picha moja mpaka miguu iniume. Ipo ya mama anayepanga viazi kando ya barabara. Mchoraji hakumhurumia hata kidogo. Amemfanya mkubwa kuliko malori yanayopita nyuma yake, na vumbi la barabara amelitia rangi ambayo nimeikanyaga maisha yangu yote bila kuiona. Nilipomsimulia mume wangu, aliniuliza kama nimebeba hivyo viazi.

Lakini ninachopenda zaidi ni sanamu zilizowekwa nje, zinyeshewe na kuanikwa kama sisi. Hapo naungama nina upendeleo, kwa sababu mdogo wangu wa kike ni mchongaji wa vyuma. Huenda kituo cha malori cha Salgaa kununua mabaki ya malori, springi na minyororo na drum za breki, akayachomelea hadi yakawa wanyama. Maonyesho yalipofanyika Njoro, kwenye bustani ya shamba moja lenye miti mikubwa, alipeleka punda.

Niseme wazi: punda yule alinishinda. Mbavu zake ni springi za lori, na ameinamisha kichwa kama aliyetuliwa mzigo sasa hivi na bado haamini. Mdogo wangu hakumpaka chochote. Alimwacha nyuma ya nyumba msimu mzima wa mvua ili kutu imfanyie ngozi, na ikamfanyia kweli, kahawia hapa, rangi ya chungwa pale, hadi ukataka kumpapasa shingo.

Shida ilikuwa baba. Babu yetu aliletwa hapa na reli kutoka magharibi, na baba akawa fundi wa rangi kwenye karakana ya reli hiyo hiyo hadi kustaafu. Kwake kutu ni aibu ya mwenye nyumba. Kwetu geti limepakwa rangi, vitanda vimepakwa, hata bomba la maji uani limepakwa. Kazi ya mdogo wangu aliiita michezo, na hakuwahi kukanyaga maonyesho yake hata mara moja. Mdogo wangu husema hajali. Hajali, lakini kila maonyesho nimemwona akiongea na wageni huku macho yakiwa mlangoni. Alichotaka ni baba aje, aangalie, aseme neno.

Jumapili moja baba akatuambia angepitia Njoro baada ya kanisa. Mdogo wangu aliangusha kikombe. Tulipofika bustanini, mlinzi alitukimbilia langoni.

“Mathe, yule mzee ako na brashi ni wenu? Nimemwambia haikubaliwi, akasema ni punda ya msichana yake.”

Sikungoja kusikia zaidi. Nilimkuta baba amepiga magoti kwenye nyasi na suti yake ya kanisani, kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu kando yake. Mguu mmoja wa mbele alikuwa ameumaliza, kutoka kwato hadi bega, umenyooka na kung'aa kama nguzo ya geti. Masikio yaliniwaka kwa hasira.

“Baba! Hiyo kutu ameitaka mwenyewe! Hiyo ndiyo kazi yake!”

“Kazi gani? Kutu ni ya mvua,” akasema bila kugeuka. Kisha akageuka, akaona uso wa mdogo wangu. Brashi ikabaki hewani.

“Nimeharibu?”

Katika maisha yangu sikuwa nimemsikia baba akiuliza swali hilo. Mdogo wangu alimzunguka punda polepole, akachuchumaa kwenye ule mguu, akautazama. Mimi nilikuwa na maneno ya kutosha kwa niaba yake, ila alinionyesha kiganja ninyamaze.

“Sikuja kupaka,” baba akasema. “Kopo ilikuwa kwa bag, ni ya geti ya kanisa. Nilikuja tu nione halafu niende. Sasa nikaona hiki kichwa.” Alikigusa kwa mkono usio na rangi. “Nimekaa na yeye hapa mpaka nikasahau chakula. Nikasema, mvua itamkula huyu, na watu watakuwa hawajamuona. Mama, chuma ya mtu mwingine ningeacha ioze.”

Mama ni jina alilokuwa akimwita mdogo wangu zamani, kabla ya vyuma kuwakosanisha. Mimi machozi yalinitoka pale pale, na wala sikujificha.

Mlinzi akaja mbio na chupa ya mafuta taa na kitambaa, akasema tukiharakisha rangi itatoka, bado ni mbichi. Mdogo wangu akamshukuru, akamwambia arudishe. Akakaa chini kwenye nyasi karibu na ule mguu mwekundu, akakunja magoti.

“Baba, umesema umeona nini kwa kichwa?”

Baba akafunika kopo, akaketi kando yake, na akaanza kumweleza.