Maji ya Moto ya Mbaruku

Moza alikuwa mtu wa Nkowe, kwao wakulima wa mikorosho na ufuta, na alipoolewa mjini Nachingwea mwaka wa tisini hakuna aliyemwonea wivu. Mume wake, Mbaruku, alikuwa fundi bomba. Nyumba yao ilikuwa moja ya zile kuukuu zilizobaki tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, bati limeshika kutu, bafu zuri lakini halina maji. Ila Mbaruku alikuwa na jambo lake moja: hakuweza kuona mtu anataabika mbele yake akakaa bila kutafuta namna.

Mwaka uliofuata Moza akajifungua mtoto wa kike, Shakila. Ulikuwa mwezi wa sita, wakati ambao upande ule baridi ya alfajiri humfuata mtu mpaka ndani ya blanketi. Mama mkwe alikuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto, na maji hayo yalibebwa kwa sufuria kutoka jikoni, yakavuka ua, yakaingia bafuni. Siku moja bibi wa watu akateleza, maji yakamwagika karibu kabisa na pale kichanga kilipolazwa. Hakuna aliyeungua. Lakini Mbaruku hakula siku ile, na haikupita muda akaja na tangi la chuma juu ya mkokoteni, alilouziwa na mzee mmoja aliyekuwa akilitumia kuwekea mahindi.

Alilijengea tanuri la matofali nyuma ya ukuta wa bafu, akalikandika udongo na majani makavu pande zote lisipoteze joto, akatoboa ukuta akapitisha bomba. Juu ya tangi akaacha kibomba chembamba cha kupumulia mvuke. Tangu hapo, akitoka kuswali alfajiri aliwasha moto kwanza, na maji yakishachemka alichukua spana akagonga bomba kutoka kule nje, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Moza aliamshwa hivyo miaka yote ya ndoa yake. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuamshwa kwa sauti ya ukali katika nyumba ile hata mara moja.

Mtaa nao ukapata faida. Mwanamke akijifungua, mzee akiugua, mtu akifariki, watu walikuja na ndoo kuomba maji ya kwa Mbaruku, wakapewa.

Masika ya mwaka tisini na tisa Mbaruku alitumwa Ruangwa kutengeneza pampu. Asubuhi ile Moza alimwambia asijisumbue kuwasha moto. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda shambani Chiola, Shakila yuko kwa bibi yake, sasa nani ataoga? Mbaruku akacheka, akasema maji ya moto hayaozi. Akawasha, akapanda lori, akaondoka.

Lile lori liliteleza kwenye mteremko wenye tope na kupinduka. Alasiri wakamrudisha amefunikwa turubai.

Moza aliketishwa chumbani katikati ya wanawake. Huko nje waosha walikuwa wanajiandaa, na mmoja akauliza kama kuna maji ya uvuguvugu. Hakuna aliyekumbuka kuwasha moto mchana kutwa, lakini mtu akaingia bafuni kujaribu bomba. Moza akasikia maji yakianguka ndani ya ndoo, kisha sauti ya mwanamume ikisema, kwa mshangao mdogo, kwamba bado ni ya moto. Udongo na majani yalikuwa yameyatunza. Akaelewa kabla ya mtu yeyote mle chumbani. Mume wake alikuwa amejipashia maji ya kuoshewa.

Neno hilo hakumwambia mtu. Alikaa nalo eda nzima. Wifi yake, Hadija, alihamia pale kumtunza, na ndiye aliyekuwa akiwasha moto. Eda ilipokwisha Moza akaushika mwenyewe, kila alfajiri, oga usioge.

Mwaka ulikuwa haujatimia tangu maziko, siku hiyo yuko jikoni anapepeta mchele, bomba likagongwa.

Moza aliweka ungo chini. Likagongwa tena, polepole, kwa namna ile ile. Alizunguka nyuma ya nyumba, akakuta moto unawaka na hakuna mtu. Aliporudi ndani alioga, akavaa khanga safi, akakaa kitandani mpaka jua likapanda.

Baada ya hapo sauti ilikuja karibu kila asubuhi. Hadija aliisikia, akaacha kulala pale. Akaleta masheikh wakasoma dua, ubani ukafukizwa nyumba nzima, na kesho yake bomba likagongwa kama kawaida. Hadija akashauri watafute mtu mwingine mwenye nguvu zaidi. Moza akakataa.

“Kama ni yeye,” alisema, “mnamfukuza aende wapi?”

Ndivyo alivyoishi. Mchana alikuwa mtu kama watu wengine: alilima Chiola, aliuza ufuta sokoni, alicheka na wenziwe. Lakini hakulala nje ya nyumba ile usiku hata mmoja. Mdogo wake, Abdalah, alipooa kule Nkowe, Moza aliondoka ngoma haijachanganya, kwa sababu kulikuwa na moto wa kuwasha asubuhi. Ndugu waliona ni kiburi cha mjini. Na kila bomba lilipogongwa aliitika. Mwanzoni kimoyomoyo, kisha kwa mnong’ono, mwishowe kwa sauti ya kawaida. Alimpa habari za mvua, za korosho, za mtoto.

Mtoto alikuwa anakua na anasikia.

Ilipofika mwaka wa elfu mbili na nane, umeme wa pale mjini, uliokuwa wa kuja na kuondoka, ulianza kutulia. Abdalah naye alikuwa ametulia, ana duka Ruangwa na biashara ya kununua korosho. Siku moja akaja na boksi dogo. Ndani mlikuwa na hita nyeupe ya kufunga ukutani, isiyo na tangi, ndogo kama mkoba wa mwanamke. Abdalah alimweleza dada yake kwamba maji yanapita humo ya baridi na kutoka ya moto papo hapo. Hakuna kuni wala kungoja. Alikuwa amemwona akirudi kutoka porini na mzigo kichwani, anakohoa moshi, magoti yamevimba.

Moza alishukuru, akaliweka boksi juu ya kabati, akalifunika kitambaa. Likakaa pale miezi. Abdalah alipouliza, aliambiwa umeme na maji havipatani. Alipouliza tena, aliambiwa fundi hajapatikana. Alipoacha kuuliza, Moza alifurahi.

Mwezi wa kumi na mbili Shakila alirudi likizo kutoka shule ya bweni huko Masasi. Moza aligundua kwamba ndoo ya binti yake haipo, na jirani, Mama Tabitha, akamwambia bila ubaya wowote kwamba binti anaoga kwake kila siku, na si likizo hii tu. Moza alirudi nyumbani uso umemshuka. Akamuuliza Shakila kama anamwogopa baba yake mzazi.

Shakila alikuwa anafua.

“Mama, mimi simwogopi baba,” alisema. “Nakuogopa wewe ukizungumza naye.”

Jioni Moza alilitoa boksi juu ya kabati, akalifuta vumbi, akamtuma mtoto wa jirani amwite Lukasi.

Lukasi alikuwa fundi umeme na mabomba, Mmakonde aliyefanya kazi na Mbaruku miaka mingi. Walikuwa watani, na siku ya msiba ndiye aliyegoma kuachia jeneza mpaka apewe kilemba, ile ada ya watani, watu wakacheka huku wanalia. Alipima ukuta, akatazama nyaya, akasema itahitajika waya nene kutoka kwenye mita na swichi yake peke yake, na tangi la plastiki la maji ya baridi liwekwe juu ili maji yapate nguvu. Kisha akauliza kama anaweza kuliangalia lile la zamani. Akalifungua mfuniko, akamulika tochi ndani.

Akamwita Moza aone. Kuta za ndani zilikuwa zimevaa gamba jeupe, nene, limepasukapasuka kama ganda la mti. Chini lilikuwa limejaa zaidi. Lukasi alieleza kwamba maji ya pale yana chokaa. Maji yanayonaswa chini ya gamba huchemka peke yake, na mvuke wake ukifumuka hukipiga chuma, bomba likaitika. Marehemu alikuwa akilifungua kila mwaka kabla ya mvua na kulikwangua. Moza akakumbuka: mume wake amezamisha kichwa na mabega ndani ya tangi, anaimba, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani. Tena kile kibomba cha juu kilikuwa kimebaki tundu la sindano. Kikiziba, alisema Lukasi, tangi litapasuka, na ukuta hautabaki.

“Kwa hiyo si yeye,” alisema Moza.

Lukasi alizima tochi. Mtani yule safari hii hakutania.

“Shemeji, linagonga kwa sababu hayupo.”

Alimpa njia mbili: kulisafisha au kuling’oa. Moza akachagua lisafishwe. Lukasi alishinda pale na patasi na nyundo, Shakila akizoa vipande kwa karai, mpaka chuma kikaonekana na kibomba kikapumua.

Alfajiri iliyofuata Moza aliwasha moto, akakaa jikoni, akangoja. Maji yalichemka. Mvuke ulitoka juu kimya kimya. Aliongeza kuni, akaongeza tena, mpaka maji yakafurika na kuuzima moto nusu. Hakukuwa na sauti yoyote. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ile sauti. Alianza kusahau vitu, akaacha sufuria ikaungua, akamwita Shakila kwa jina la Hadija. Asubuhi moja binti yake alimkuta amesimama nyuma ya nyumba, spana mkononi, ameinyanyua mbele ya bomba, hajui kama agonge au asigonge.

Shakila akaishika ile spana pamoja naye, wala hakuivuta.

Hapo ndipo Moza alipolisema lile neno alilokaa nalo tangu mwanae akiwa mdogo. Alisimulia siku ile, maji ndani ya ndoo, sauti ya yule mtu.

“Miaka yote hii napasha maji ya kumwoshea,” alisema. “Naogopa waosha wakija wakute baridi.”

“Ameshaoshwa, Mama,” alisema Shakila.

Lukasi aliling’oa tangi wiki ile. Tanuri likabomolewa, matofali akapewa Mama Tabitha. Hita ikafungwa. Mtu wa kwanza kuoga alikuwa Shakila, na taa ya sebuleni ikafifia alipofungua maji. Moza aliingia wa pili. Alisimama pembeni kwanza, mkono mmoja tu chini ya maji, kama anayempima joto mgonjwa. Yalikuwa ya moto kweli, na alipofunga yalikoma pale pale, hapakubaki hata tone lililotunzwa mahali. Hilo lilimtisha, akafungua tena. Akafunga. Shakila alimsikia kutoka nje akifungua na kufunga muda mrefu, hakubisha mlango.

Ndugu waliomuuliza baadaye kama amezoea, aliwaambia ni kitu kizuri, magoti yanamshukuru Abdalah. Lakini alikiri kwa Hadija kwamba zipo siku huingia bafuni na kuogea maji ya baridi, na hajui kwa nini.

Mwaka uliofuata, mavuno ya ufuta, alifunga nyumba akaenda Nkowe kwa pikipiki, akalala kwa mama yake. Alfajiri aliamka wakati wake ule ule. Akakaa kitako juu ya mkeka, anatafuta viatu kwa mguu gizani, halafu akakumbuka hakuna kitu cha kuwasha. Nje watu walikuwa wanafagia uwanja, majogoo wanaitana kutoka boma hadi boma. Mama yake, aliyekuwa macho, akamuuliza kwa Kimwera anamngoja nani.

Moza alisema hamngoji mtu. Akajilaza tena, macho wazi, akisikiliza mpaka jua likatoka.