Taa Nilizozipanga Mchana

Watu wangu, hii aibu ni yangu mwenyewe, na naomba msimlaumu fundi wa stima wala mvua ya huku Sosiot, kwa sababu kila waya uliopita kwa lile boma niliuonyesha njia mimi kwa kidole changu, na kila taa niliisimamisha mimi, nimevaa gamubuti na kofia ya jua, mchana mweupe, kama mtu anayejua anachofanya.

Jina langu ni Atieno, lakini huku naitwa Mama Cherono. Baba yangu alitoka ziwani akaja kufanya kazi kwa kiwanda cha majani chai, mimi nikazaliwa kwa nyumba za wafanyakazi, nikasoma hapa, nikaolewa hapa na Kipngeno, mtu wa Sosiot, na tukakaa miaka mingi kwa nyumba ndogo ya mbao huku tukijenga ile kubwa polepole, mpaka ikasimama. Ilikuwa na ukuta wa mbele mrefu, mweupe pe, ukiangalia uwanja wa nyasi, na chini ya uwanja ni majani chai yetu mpaka mtoni. Nilikuwa nikitoka kazini napitia kwa ule ukuta kwanza, naushika, halafu ndio naenda kuuliza watoto kama wamekula.

Sasa kulikuwa na Mzee Tonui. Huyu ni ndugu mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, kwa hivyo ndiye aliyebaki kuwa baba kwa Kipngeno, na ni mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata akienda kukama ng'ombe. Hakuwahi kunitukana hata siku moja, lazima niseme ukweli. Lakini tangu niolewe, mimi mtoto wa watu wa ziwani, alikuwa akinisalimia kutoka barabarani, mkono juu, hatua hapunguzi, anaenda zake. Kwa boma letu hakuwahi kuingia. Kipngeno alipoenda kumwambia nyumba imeisha, tunataka pasta aombe na yeye Mzee akate utepe wa mlango, tulijua atasema ana mkutano mahali. Akasema, "Nitakuja." Hivyo tu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto. Nikajiambia, huyu mzee akiingia kwangu mara ya kwanza, ataingia kwenye mwanga. Nilikuwa nimeona picha za maboma ya watu kwa simu, miti inamulikwa kutoka chini, njia ina taa ndogo ndogo kando kando, ukuta unang'aa kama siku ya harusi, nikasema hata sisi tutakuwa hivyo. Dukani niliulizwa kama nataka mwanga wa manjano kama wa taa ya mafuta au ule mweupe kama wa duka la dawa, na nikachagua mweupe (mweupe si ndio unaonyesha ukuta ni mweupe?). Taa ndogo nikazipanga kwa njia ya kutoka getini, pale inapopanda na kukunja kona. Taa moja kubwa ya kumulika nikaificha nyuma ya fensi ndefu ya saiprasi, ile inayotenga uwanja na upande wa kuanikia nguo, nikailaza chini, pale fensi inapoishia kabla ya nyumba, ikiangalia juu kwa ukuta, kwa sababu nilisikia taa nzuri haionekani, kinachoonekana ni kazi yake. Na zote nikataka ziwake kwa swichi moja, iliyowekwa hapo verandani, ili nikibonyeza mara moja boma lote lifunguke.

Kipngeno akaniambia, "Mama Cherono, si tungoje giza liingie kidogo tuwashe, tuone zinaangukia wapi?"

"Jioni mvua inanyesha," nikamwambia, "na tena sitaki mtu yeyote azione kabla ya siku yenyewe. Nimeshapima."

Nimeshapima! Nilipima na vijiti, jua likiwa utosini. Hilo ndilo lililokuwa kosa, hilo peke yake, mengine yote yalifuata yenyewe.

Siku ikafika. Mvua ikanyesha mchana kama kawaida yake, ikatuchelewesha, wageni wakaingia wakiruka matope, wakakaa kwa hema kwenye uwanja wakiangalia nyumba. Kwaya ilikuwepo, majirani walikuwepo, mama zangu wawili wadogo walikuja kutoka ziwani wakiwa wamevaa mpaka wakapita kipimo. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa utepe mwekundu na hakuna mtu aliruhusiwa kuingia kabla ya maombi, hata mimi. Giza likaanza kushuka. Mzee Tonui hayupo. Pasta akaniangalia, nikaangalia barabara. Halafu nikasikia geti likilia, nikaona kofia yake na nyuma yake kitambaa cha bibi yake, Mama Rael, na nikajua saa yangu imefika. Nikabonyeza swichi.

Watu wakasema, "Oooh!" Nilisikia hiyo "oooh" mpaka kwa magoti.

Lakini zile taa za njia, pale kwenye kona, nilikuwa nimezielekeza chini kwa bonde, na mtu anayepanda kutoka getini alipata zote kwa macho. Mzee Tonui akasimama, akainua mkono kujikinga, akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ikatua kwenye bustani ya maua niliyokuwa nimelima juzi yake. Ardhi ilikuwa laini kama uji. Alikaa chini, watu wangu. Alikaa kabisa.

Tukakimbia wote. Kipngeno akamwinua, na huko nyuma ya suruali kulikuwa kubaya, matope mpaka kiunoni. Mzee akasema tu, "Nipeni mahali nibadilishe." Sasa mahali gani? Nyumba kubwa ina utepe. Ile ya mbao imejaa wanawake wanapika, na mzee wa heshima hawezi kuvua suruali katikati ya wanawake na sufuria. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikasema, "Mzee, nyuma ya hii fensi hakuna mtu anayekuona." Kipngeno akamletea suruali yake mwenyewe, na Mzee akaenda nyuma ya fensi.

Ili watu wasikae wakingoja, pasta akapanda verandani, akasimama mgongo ukiwa kwa ukuta, akaanza kutukaribisha. Na hapo juu ya kichwa chake, kwa ule ukuta wangu mweupe, kikatokea kivuli cha mtu mkubwa kuliko nyumba.

Kwanza sikuelewa ni nini. Halafu kile kivuli kikafungua mkanda.

Mimi nilikuwa nimesema fensi inamficha, na kweli inamficha, hakuna jicho lililomwona. Lakini taa ilikuwa huko nyuma pamoja naye, chini ya miguu yake, na ilimchukua yote ikamweka ukutani. Suruali ikashuka. Tumbo likatokea, limetulia. Akainua mguu mmoja, akaruka, akaruka tena akitafuta kuegemea, na ukutani ilionekana ni mtu anaruka juu ya mabati yetu. Kipngeno ni mwembamba, kwa hivyo ile suruali ilikataa, na kivuli kikaanza kujinyonganyonga, kikasukuma mguu ule ule, kikaruka na ule mwingine. Kwaya nzima iliinamisha vichwa. Mama wa sauti ya kwanza aliuma leso. Mama yangu mdogo mmoja alinong'ona, "Yawa, Atieno, ni nini hii?" na mabega ya watu yakaanza kutetemeka, na pasta, ambaye hakuona chochote, akafikiri ni Roho ameshuka, akazidisha sauti: "Naona mmeguswa!"

Nikaamua. Sikufikiri, niliamua tu. Nikapanda verandani mbio, nikampita pasta, nikabonyeza swichi, na boma lote likaingia giza totoro.

Halafu kutoka nyuma ya fensi, sauti ya Mzee Tonui, kubwa, ya kuita ng'ombe: "Washeni! Nimeingiza mguu mmoja tu!"

Sijui niwaambie nini. Hema lilianguka (hapana, halikuanguka, lakini kelele zilikuwa za hema kuanguka). Watu walicheka mpaka wengine wakatoka kwa viti. Na mimi nimesimama na kidole kwa swichi: nikiwasha, ataonekana tena, nisipowasha, ataanguka tena. Nikawasha. Alikuwa bado kwa ule mguu.

Alipotoka, suruali imefika juu ya soksi, koti amelivuta mbele, watu wakapiga makofi, na yeye akainua mkono kuwashukuru. Akakaa kiti cha mbele. Akaniuliza, "Mbona mmefurahi hivi?" Nikamwambia ni furaha ya siku. Na pengine ingeishia hapo. Tungemaliza. Lakini Mama Rael, kwa kupenda usafi, alikuwa amezunguka kwenda kuchukua ile suruali ya matope.

Mzee Tonui alikuwa ameketi akiangalia mbele, na mbele yake bibi yake akatokea ukutani, mkubwa kama mlima, ameshika suruali kwa kiuno, anaikung'uta. Miguu yote miwili ya suruali ilipepea juu ya kichwa cha pasta.

Mzee akaangalia kwa muda. Kofia akaivua. Akasema polepole, bila kunigeukia, "Mama Cherono. Mimi pia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kutoka wapi?"

Ningeweza kudanganya. "Kutoka kwa mkanda, Mzee."

Akavaa kofia tena. Akasimama, akamngoja Mama Rael, akamwambia pasta aendelee tu, akashuka ile njia akiwa amefunika macho na mkono. Geti likalia. Mara hii hakuna aliyecheka.

Pasta akasema anaweza kukata utepe yeye. Kipngeno akaniangalia. Nikasema, hapana. Nyumba ilijengwa imngoje huyo mzee na itamngoja. Wageni wakala, wakanywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, wakaenda, na sisi tukarudi kulala kwa nyumba ya mbao, watoto wakinuna, nyumba mpya ikiwa hapo nje na utepe wake kama zawadi ya mtu mwingine. Nililia, sitaficha. Asubuhi nikanawa uso, nikaenda kazini, na wenzangu wa stoo walishasikia.

Lakini jioni yake nilianza. Kila nikitoka kazini nilingoja giza liingie, mvua ikinyesha navaa koti la mvua, na tukawa tunafanya hivi: Kipngeno anakaa kwa kiti uwanjani, mimi natembea. Napanda kutoka getini kama mgeni, natembea polepole, penye macho yanauma nasimama, nageuza taa. Zile za njia nikazishusha zikakaribia nyasi, nikazivalisha mikebe ya rangi niliyoikata, ili mwanga uangukie miguu tu. Balbu nyeupe nikarudisha dukani, nikachukua za manjano. Ile kubwa nikaitoa nyuma ya fensi, ikapandishwa chini ya mabati ikiangalia chini, ikitelemka ukutani, hivi kwamba hakuna mtu anaweza kuingia katikati yake na ukuta. Fundi akatenganisha swichi, ya njia peke yake, ya ukuta peke yake. Kipngeno siku moja akaniambia, "Mama Cherono, si sasa inatosha?" Nikamwambia aketi.

Halafu nikaenda kwa Mzee Tonui. Nilimkuta anakama. "Chamgei, Mzee." Akaitikia. Maziwa yakaendelea kupiga ndoo.

"Umekuja kuomba msamaha," akasema.

"Huo niliuomba kwa simu, nikauomba kwa pasta na kwa Mama Rael. Leo nimekuja kukuomba uje ukague taa."

"Mimi si fundi."

"Lakini wewe ndiye unajua ziliumiza wapi."

Akakama kidogo. "Na huko nyuma ya fensi?"

"Nimesimama huko mwenyewe, Mzee, Baba Cherono akiangalia kutoka uwanjani."

"Umesimama tu, ama umeruka?"

"Nimeruka."

Akaweka uso wake kwa ubavu wa ng'ombe, akaficha, lakini mabega yalimfichua. Ng'ombe akageuka kumwangalia.

Alikuja Jumamosi, jua likishazama, bila wageni wala hema. Alipanda njia polepole, akisimama kwa kila taa, akiinama kuangalia mikebe yangu. Kwenye kona alipita bila kuinua mkono. Kisha akaenda nyuma ya fensi yeye mwenyewe, tukasikia sauti: "Mnaniona?"

"Hatukuoni, Mzee!"

"Na sasa?"

"Hapana!"

Akatoka huko amenyooka, akapanda ngazi, akakata ule utepe, akafungua mlango, na kabla hajaingia akaniambia mimi, "Pita mbele, mama. Ni kwako." Alikunywa chai kwetu mpaka ikaisha kwa birika, akashukuru, "Kongoi," akaomba nyingine, na nikaipika.

Sijasema mambo yamesahaulika. Sokoni bado kuna mtu atanipita aseme, "Washeni!" na wenzake watashika mbavu, na kwaya haiwezi kuimba kwetu bila yule wa sauti ya kwanza kutoka nje kidogo. Nimekubali, nilijiletea.

Juzi dada yangu anayekaa Kipkelion amemaliza nyumba, amenipigia ati nimchagulie taa za nje kwa sababu mimi sasa ni mjuzi. Anataka kunitumia picha. Nimemkataza. Nimemwambia nitakuja mwenyewe, lakini asinipikie chakula cha mchana, nitafika giza likiingia, atafute mtu wa kutembea na mtu wa kukaa, na mpaka mimi mwenyewe nisimame mbele ya kila taa, nigeuke, niiname na niruke, hakuna mgeni atakayealikwa kwa hilo boma. Kupanga taa mchana, mimi Atieno, sitarudia tena.