Nilimwambia Aache Kutembea

Habari za asubuhi, ndugu zangu mliokuja kupima sukari. Sista wa zamu ameniomba niongee nanyi wakati mnangoja foleni. Mimi si mhubiri. Nilikuwa mnunuzi wa mahindi, na sisi watu wa mahindi tuna maneno mengi. Leo nitasema kweli tu.

Kwangu ni hapa Bombambili. Zamani nilifuata mahindi vijijini kwa baiskeli, gunia moja moja. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua mahindi nikapata pikapu kuukuu, baiskeli nikampa shemeji. Kuanzia hapo hata dukani, hatua ishirini, naenda kwa gari! Nikaota kitambi. Jamani, nilikipenda kile kitambi. Watu waliniita bosi. Ugali mlima, nyama ya nguruwe, halafu soda mbili. Mke wangu Kandida aliuza uji na maandazi pale nje kwetu, naye akanenepa, presha ikamwanza. Tukajiona tumebarikiwa.

Kisha ikaja kiu. Namaliza jagi zima la maji, baada ya muda mfupi nataka jingine. Mkojo ndio usiseme. Siku moja Kandida akaniita chooni. "Baba Odilo, njoo uone sisimizi walivyojaa hapa unapokojolea." Tukacheka, kumbe wamefuata sukari ya kwenye mkojo. Ujinga gani ule!

Kiatu cha mtumba kikanichubua kidole gumba cha mguu wa kushoto. Sikusikia maumivu. Kidole kikatoa usaha, kikanuka, kikawa cheusi. Daktari akasema, "Mzee, sukari imepanda sana. Kidole hiki hakiponi, lazima tukikate." Kikakatwa. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Siku ya kuruhusiwa daktari akatuambia wote wawili, "Mguu ukipona, tembeeni kila siku. Punguzeni ugali, mafuta na chumvi. Mama, hiyo presha yako nayo si ya kuchezea."

Mguu ukapona, lakini mimi sikutaka kutembea. Mnaijua baridi ya hapa Songea mwezi wa sita. Kandida akatafuta raba nyeupe za mtumba. Zilimzidi, akajaza vitambaa mbele. Alfajiri akanivuta blanketi. "Amka. Leo tunafika kwa fundi baiskeli tu. Ukichoka tunarudi." Kwa fundi baiskeli ni karibu, nikaona aibu kukataa. Baada ya wiki akasema, "Leo tupite kidogo." Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka tukawa tunaishika njia ya Peramiho na kurudi tukitokwa jasho. Jioni ananiosha mguu, anachungulia katikati ya vidole.

Sukari yangu ikashuka. Presha yake ikashuka. Nguo zikatupwaya, daktari akafurahi.

Mtaani hawakufurahi. Miaka ile ukimwi ulikuwa unatumaliza, na mtu akikonda basi, ameshahukumiwa. Sisi tumekonda mume na mke, tena pamoja! Wateja wa uji wakapungua. Jirani mmoja akaanza kuja na kikombe chake mwenyewe. Kandida alicheka, "Mwache. Sisi si tunajijua?"

Mimi nilishindwa. Kwenye msiba mmoja tulikaa kula ugali pamoja, sahani moja, kama kawaida yetu. Nilipotia mkono, ndugu yangu wa ukoo akanawa akaondoka. Nilirudi nyumbani na hasira zangu.

"Mama Odilo," nikamwambia, "wewe acha kutembea. Mimi nina kidole kilichokatwa, watu watanielewa. Wewe kaa, kula, unenepe, midomo yao ifungwe."

Akaniangalia. "Na presha?"

"Presha haionekani," nikamjibu.

Alitii. Raba akazisukuma chini ya kitanda. Mwili ukarudi, wateja wakarudi, na mimi nikajisifu kwamba nimeokoa nyumba yangu.

Asubuhi moja nimetoka kutembea peke yangu, nikamkuta ameanguka kando ya karai, mafuta yanafuka moshi. Mdomo umekwenda upande. Alitaka kuniambia kitu, ulimi ukakataa. Siku ya tatu alinifia wodini nimemshika mkono. Na msibani yule jirani wa kikombe akasema kwa sauti, "Masikini, na alivyokuwa amenawiri!" Mungu wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikalala. Sikutembea, dawa nikaacha, sukari ikapanda tena. Nilitaka kumfuata. Siku moja nikaangusha kitambulisho chini ya kitanda, nikiinama nikazikuta raba zake, na vitambaa bado vimo. Nilizililia zile raba mpaka sauti ikakauka. Kesho yake hakukuwa na wa kunivuta blanketi. Nikajivuta mwenyewe. Nikafika kwa fundi baiskeli, nikarudi.

Mpaka leo natembea. Namshukuru Mungu, daktari, na Sista huyu anayenigombeza nikichelewa kliniki. Nanyi nawaomba, chungulieni miguu yenu kila jioni. Anzeni na pale karibu, msingoje nguvu zije kwanza, kwangu hazijawahi kuja.

Na wewe baba uliyekaa pale mwisho na mkeo, nimewasikia mkibishana kwa sauti ya chini. Mama anasema majirani wameanza kumwuliza mbona anapungua. Baba, usimjibu nilivyojibu mimi. Inuka, ukamtafutie raba zinazomtosha.