Majani ya Samaki wa Memsabu

Kila nikisugua pipa la maji ya mvua, harufu ya utando wa kijani hunipandisha hasira. Naiona sebule ya mzungu mwenye shamba la kahawa kule Iyula, na mama yangu mgonjwa, kanga imemganda miguuni. Alikuwa ametoka mtoni kung'oa majani mapya ya tangi la samaki la kioo, maana yale ya zamani yalikuwa yamefunikwa na utando.

"Haya nayo machafu," alisema memsabu. "Rudi mtoni."

"Memsabu, nina homa."

"Na samaki wangu je?"

Mama aliyabwaga majani yote juu ya zulia. "Nenda mwenyewe."

Jioni ile tulifukuzwa shambani. Nilipotema mate kwenye ngazi zao, mama hakunikemea.